Siku Tatu Mombasa kwa Pesa Kidogo: Mwongozo wa Anayekuja Mara ya Kwanza

"Elfu kumi zinatosha?" "Tulale Nyali ama mjini?" "Kwani Mombasa ni ghali hivyo?" Maswali haya matatu hunijia mwaka mzima, na ikikaribia Desemba hayakatiki. Nayajibu hapa yote pamoja, kwa mpangilio, ili mtu akae na kalamu apange safari yake kabla hajatuma senti kwa yeyote.

Jibu la haraka ni kwamba Mombasa humla anayeamua mambo akiwa ameshafika. Mtu aliyesimama stesheni na begi, hajui analala wapi wala steji iko upande gani, hulipa bei ya kwanza atakayotajiwa. Pesa nyingi hupotelea kwenye mambo matatu: tarehe uliyochagua, chumba ulichochukua, na umbali kati ya chumba hicho na mahali unapotaka kushinda. Ukiyamaliza hayo ukiwa nyumbani, yaliyobaki ni rahisi, kwa sababu chakula kitamu cha mji huu hakina bei kubwa na mengi ya kuona hayana kiingilio.

Nimeandika nikimfikiria mtu anayetoka Nairobi au kwingine bara kwa siku tatu, analala mara mbili. Anayetoka Tanga au Dar es Salaam kupitia Horohoro na Lungalunga aruke Hatua ya 4 na ya 5, ila ahakikishe ana pasipoti au hati ya kusafiria ya muda.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Utakihitaji kwenye treni na gesti, na pale Fort Jesus, ngome ya zamani ya Wareno, ndicho kitakachokupa kiingilio cha raia, ambacho ni cha chini sana kuliko cha mgeni. Kwa mtoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli kwenye treni.
- Pesa kwenye simu, na noti ndogondogo mfukoni. Muuza madafu hana chenji ya elfu moja asubuhi.
- Leso moja au shuka nyepesi. Utaikalia ufuoni, utajifutia maji, utajifunika ndani ya matatu ukiwa umelowa, na akina dada wataivaa wakipita Mji wa Kale.
- Viatu vya mpira vinavyobana mguu, vya kuingia navyo majini. Malapa huchukuliwa na mawimbi.
- Saa za maji kujaa na kupwa kwa tarehe zako. Zinapatikana bure kwenye intaneti, tafuta za Kilindini, bandari ya Mombasa. Nitaeleza mbele kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.
- Daftari au karatasi. Bajeti ya kichwani haidumu hata siku moja.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwanza, kila kitu kitafuata

Miezi ya bei kali inajulikana: kuanzia katikati ya Desemba hadi Mwaka Mpya, Pasaka, na likizo ya shule ya Agosti. Chumba kilekile unachokipata kwa bei ya kupatana mwezi wa Februari, Desemba hupatani, unaambiwa tu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, njoo katikati ya wiki. Ufuo wa Jumanne na ufuo wa Jumapili ni kama sehemu mbili tofauti.

Aprili hadi Juni ni masika. Bei hushuka, lakini Mei mvua inaweza kunyesha siku zako zote tatu, na bahari huwa imechafuka na kujaa mwani. Mimi humshauri mwenye pesa kidogo aje Februari, mwanzo wa Machi, Septemba au Oktoba. Kaskazi ya Februari ina joto jingi, hilo nakubali, lakini bahari imetulia na maji ni safi.

Ramadhani huogopwa na wageni bila sababu. Mchana, hoteli nyingi za kula za Mji wa Kale hufungwa, hivyo itakubidi ule upande wa pili wa mji au ujipikie. Lakini kuanzia alasiri meza hutolewa nje, na hapo utaona kaimati, bhajia, sambusa, mkate wa sinia na vibibi vimepangwa barabarani, na mji hukesha. Ukija mwezi huo, usile wala kunywa hadharani mchana. Ni heshima tu, na watu wataiona.

Hatua ya 2: Jua unachokifuata, ndipo uchague pa kulala

Hapa ndipo pesa nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Mji wa Mombasa wenyewe ni kisiwa. Upande wa kaskazini unavuka daraja la Nyali kwenda Nyali, Kisauni, Bamburi na Shanzu. Kusini unavuka kwa feri kwenda Likoni. Magharibi unapita Makupa kwenda Changamwe na Miritini, treni inakoishia. Ukitazama ramani unadhani kila kitu kiko karibu. Ukijaribu kuvuka daraja la Nyali jioni watu wakitoka kazini, utajua ukaribu wa ramani si ukaribu wa barabara.

Basi jiulize swali moja: siku zako nyingi unataka kuzishinda wapi?

*Kama ni mji, historia na chakula*, lala kisiwani: Ganjoni, Tudor, maeneo ya Mwembe Tayari, au ndani ya Mji wa Kale penyewe. Gesti za hapa ni za kawaida, chumba na feni na chandarua, na kutoka hapo unafika kwa miguu au kwa nauli ndogo Fort Jesus, soko la Marikiti, bustani ya pwani ya Mama Ngina na feri. Mwembe Tayari kuna kelele za mabasi usiku, kwa hiyo omba chumba cha nyuma.

*Kama ni bahari*, lala Bamburi au Shanzu, lakini usichukue chumba kinachotazama maji. Vuka barabara kuu. Nyumba zilizo upande wa ndani, dakika kumi au kumi na tano kwa miguu kutoka ufuoni, huwa na bei ya chini sana kwa starehe ileile, na nyingi zina jiko. Ufuo ni wa umma. Hoteli kubwa ina viti, miavuli na bustani yake, lakini kutembea na kuoga baharini mbele yake ni haki yako.

*Kama ni vyote viwili*, lala kisiwani na uende baharini siku moja nzima. Kulala Bamburi ukashinda mjini kila siku kutakula nauli, na kutakula saa zako pia, ambazo katika safari ya siku tatu ni chache kuliko pesa.

Diani nako watu huulizia. Ni kuzuri, sina ubishi. Lakini kutoka kisiwani ni feri, kisha matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk au bodaboda. Ukitaka Diani, ifanye safari nzima ya Diani na ulale huko. Usiibane ndani ya siku tatu za Mombasa.

Kabla ya kulipia nyumba yoyote, muulize mwenyewe maswali haya na upate jibu la maandishi:

- Maji yanatoka siku zote, na ni ya bomba au ya kisima? Mombasa ina shida ya maji ya miaka mingi. Nyumba yenye tangi kubwa ni baraka. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, yanafaa kuoga lakini si ya kupikia chai.
- Tokeni za umeme ni juu ya nani? Nyumba inayotangazwa kwa bei ya chini yenye mashine ya kupoza hewa, na tokeni ukanunue mwenyewe, si ya bei ya chini.
- Kuna chandarua?
- Kutoka mlangoni hadi barabara ya matatu ni umbali gani kwa miguu, na usiku pana mwanga?

Usitume pesa yote. Tuma kiasi kidogo cha kushikilia chumba, ulipe iliyobaki ukishakiona. Picha nzuri na mtu anayekuharakisha kwa maneno "kuna mteja mwingine anakingojea" ni dalili ya kurudi nyuma.

Hatua ya 3: Andika bajeti

Mgawanyo huu ni makadirio yangu kwa mtu mmoja anayelala gesti ya kawaida, msimu usio wa sikukuu:

- Treni kwenda na kurudi: 3,000
- Chumba, 2,000 mara mbili: 4,000
- Chakula, 800 kwa siku: 2,400
- Nauli za ndani, 400 kwa siku: 1,200
- Viingilio: 1,200
- Akiba isiyoguswa: 1,500

Jumla ni shilingi 13,300. Mkiwa wawili chumba kimoja, kila mtu anashuka hadi 11,300. Kwa hiyo anayeuliza kama elfu kumi zinatosha, namwambia tafuta mwenzako na punguza viingilio, itawezekana, lakini usiiguse akiba ili upate kusema imewezekana. Akiba ni ya homa ya usiku na ya treni iliyokuacha.

Hatua ya 4: Kata tikiti ya treni

Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Unakata kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na unalipa kwa simu. Tikiti huandikwa jina na nambari ya kitambulisho, kwa hiyo usinunue ya mtu mwingine. Utazuiliwa mlangoni.

Treni ya asubuhi huondoka saa mbili na kusimama njiani, Mtito Andei, Voi na kwingineko. Ya alasiri huondoka saa tisa, ya usiku saa nne. Mimi humwambia mgeni apande ya asubuhi. Anafika mchana, mwanga upo, anaipata gesti yake bila wasiwasi, na jioni ile ile ameshakanyaga Mama Ngina. Ya usiku huonekana kama inaokoa pesa za chumba, lakini inakushusha usiku wa manane na gesti nyingi hazikupokei hadi mchana.

Kata tikiti ya kurudi siku hiyo hiyo unayokata ya kwenda. Tikiti za kurudi za Jumapili na za mwisho wa sikukuu ndizo humalizika mapema.

Fika stesheni saa moja kabla. Mabegi hupangwa chini kwa mstari na kunuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Visu na pombe hunyang'anywa. 

Basi nalo lipo, na husaidia treni ikijaa. Ni safari ya kilomita karibu 480, watu wengi husafiri usiku na kushuka Mwembe Tayari alfajiri. Faida yake ni kwamba linakushusha katikati ya mji.

Hatua ya 5: Miritini, usikimbilie

Ukitoka nje ya stesheni utaitwa kutoka pande zote. Madereva wa teksi wako mbele, matatu ziko nyuma yao. Pita, ukasimame kidogo utazame wenyeji wanaingia gari gani, kisha muulize makanga nauli *kabla* ya kukaa. Matatu za mjini hupita Changamwe na Makupa. Anayekwenda Bamburi ni bora aulize gari la moja kwa moja kuliko kuunganisha mjini na mizigo.

Mkiwa watatu au wanne wenye mabegi, gari la kuitwa kwa programu ya simu mkichanga linaweza kukaribiana na nauli ya matatu. Fanyeni hesabu hapo hapo.

Hatua ya 6: Panga siku zako kwa maji

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, maana limewaharibia watu safari waliyoidundulizia mwaka mzima. Mtu anashuka Bamburi saa nne asubuhi na watoto, anakuta bahari haipo. Maji yametoka mpaka kule kwenye mwamba, mbele yake kuna matope, mwani na mawe yenye wadudu wa miiba. Anasema Mombasa imemdanganya, kumbe angekula kwanza mahamri mjini na kuja alasiri angekuta maji hadi chini ya ngalawa.

Katika siku, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Yakijaa saa nne asubuhi Ijumaa, Jumamosi yatajaa kama saa tano kasoro dakika kumi, na Jumapili kama saa tano na dakika arobaini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu. Siku hizo kwa kawaida maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri, mpango ambao ni mzuri mno: asubuhi mji, alasiri bahari.

Kuogelea, chagua saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada yake. Kutembea kwenye mwamba na kuona samaki kwenye vidimbwi, nenda maji yakipwa, umevaa vile viatu vya mpira, na ugeuke mara tu maji yanapoanza kurudi. Yanarudi haraka kuliko mgeni anavyotarajia, na hupita nyuma yako kwanza.

Mfano wa mpango wa siku za bamvua:

*Siku ya kwanza.* Fika, oga, lala saa moja. Jioni nenda Mama Ngina, ile bustani ya pwani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019. Hakuna kiingilio. Kaa kwenye ukuta utazame meli zikiingia Kilindini, karibu mno kiasi cha kuwaona mabaharia sitahani. Mwite muuza mihogo. Ataupasua muhogo wa moto katikati, atie chumvi na pilipili ya unga, halafu akamulie ndimu mpaka pilipili ilowe iwe rojo. Mwambie mapema kama huwezi pilipili, maana mkono wake ni mwepesi.

*Siku ya pili, asubuhi.* Fort Jesus milango inapofunguliwa saa mbili, kabla jua halijawaka kwenye kuta. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, na meli ya Kireno iliyokuja kuokoa wenzao, Santo António de Tanná, ilizama pale chini mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa humo vimo ndani ya makumbusho, vitazame bila haraka. Lipia kiingilio kwa simu na uonyeshe kitambulisho.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu kupitia Ndia Kuu. Kutembea ni bure. Tazama milango iliyochongwa na roshani za mbao, pita Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka 1570, teremka hadi Bandari ya Zamani. Watu wanaishi humo, kwa hiyo vaa nguo za staha, toa salamu, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kijana akikufuata kutaka kukuongoza, ama mpatane bei wazi tangu mwanzo, ama umwambie "ahsante ndugu yangu, natembea mwenyewe." Wapo waongozaji wazuri wanaojua kila kichochoro, na wanastahili malipo yao. Kibaya ni kutembea naye saa nzima bila bei.

*Siku ya pili, alasiri.* Bahari. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao makanga wanauita Pirates, ndio wenye watu, ngamia na maboya ya kukodi. Ukitaka utulivu, tembea mbali kidogo na umati. Toka majini kabla ya giza.

*Siku ya tatu.* Chagua kimoja tu. Ama Haller Park, Bamburi, machimbo ya mawe ya saruji ambayo mwaka 1971 yalianza kupandwa miti na leo yana twiga na viboko. Ama Marikiti kwa viungo na Biashara Street kwa leso. Treni ya saa tisa inataka uwe umeanza safari ya Miritini saa sita unusu, na foleni ya Changamwe haina huruma.

Hatua ya 7: Kula wanakokula watu wa mji

Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi. Hiki ni chakula kamili, kitakushikilia hadi saa nane. Mahamri yaliyotoka karaini sasa hivi huwa yamevimba na mepesi, ukiyapasua mvuke wa iliki unakupiga usoni. Kibanda chenye foleni ya watu wanaobeba kwenda nyumbani ndicho cha kuingia.

Mchana tafuta hoteli ndogo za kisiwani, pembezoni mwa Mji wa Kale na Mwembe Tayari, zinazopika pilau, biriani na wali wa nazi kwa samaki. Tazama sahani za wenyeji kabla ya kuagiza, maana sahani moja ya biriani mahali pengine hutosha wawili wasio na njaa kali. Ijumaa baada ya swala, biriani na pilau hupikwa kwa wingi na huisha mapema.

Jioni usiagize mezani. Kula ukitembea: viazi karai na ukwaju, mishkaki, bhajia, kachri, kisha juisi ya miwa au tende kwa kahawa chungu. Bei ya vitu hivi ni ndogo kuliko sahani moja ya hoteli ya kitalii, na ladha ni bora, nalisema hili bila kusita.

Dafu ukishalinywa usilitupe. Mrudishie muuzaji alipasue, akuchongee kijiko kwa ganda lenyewe ule nyama. Wageni wengi hulipia kitu kizima na kuacha nusu.

Hatua ya 8: Kwenda huku na huku

Matatu kwa safari ndefu, tuktuk mkiwa wawili au watatu kwa safari fupi, miguu kwa Mji wa Kale. Feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu, na kuvuka kwenda na kurudi mara moja ni matembezi mazuri yasiyo na gharama. Humo ndani weka simu mfuko wa mbele na begi kifuani, hasa saa za kazi watu wakibanana.

Nauli za matatu hupanda mvua ikinyesha na jioni. Ukiweza, rudi gestini kabla ya saa kumi na moja au baada ya saa mbili usiku.

Hatua ya 9: Patana kabla hujagusa

Tuktuk, boti, ngamia, picha, boya, kusukwa nywele ufuoni: bei kwanza, huduma baadaye. Uliza maswali mawili: "Ni kwa mtu au kwa sote?" na "Kuna kingine cha kulipia?" Swali la pili ni muhimu sana kwenye boti za kwenda kuona matumbawe, kwa sababu kiingilio cha hifadhi ya baharini hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori na mara nyingi hakimo katika bei ya boti.

Kupatana ni mazungumzo. Msalimie mtu, mkubwa umpe shikamoo yake, taja bei yako kwa upole, na ukikataliwa mara ya pili ondoka kwa ahsante. Asiyejua kusalimu hulipa zaidi mji huu. Nayo bei ikishakuwa ya haki, usimkamue mtu shilingi ishirini za mwisho. Naye ana watoto.

Mambo yakienda mrama

*Treni imejaa.* Jaribu siku ya katikati ya wiki, au nenda kwa basi na urudi kwa treni. Usimpe pesa mtu anayedai ana tikiti za akiba.

*Mwenye nyumba hapokei simu na umeshafika.* Usizunguke na mabegi. Shuka Mwembe Tayari, ambako gesti ziko nyingi mahali pamoja, ingia ya kwanza, tazama chumba, ingia ya pili, linganisha, lala usiku mmoja. Kesho utatafuta vizuri.

*Mvua haikatiki.* Fort Jesus sehemu ya makumbusho, Marikiti, na hoteli za kahawa za Mji wa Kale ndizo siku yako. Usiende ufuoni kwa sababu tu ulikuwa umepanga. Baada ya mvua kubwa maji ya pwani huwa na uchafu kutoka mitaroni.

*Tumbo limechafuka.* Mara nyingi ni maji au barafu ya juisi, si chakula cha moto. Nunua chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini (ORS) duka la dawa, kunywa maji ya chupa, pumzika nusu siku. Likiendelea au kukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, akiba ndiyo kazi yake.

*Umekanyaga mdudu wa miiba.* Usiuchimbe mwiba kwa sindano chafu. Vijana wa ufuoni hutumia utomvu wa papai bichi, lakini miiba ikiwa mingi au imeingia ndani, kituo cha afya.

*Pesa zimekwisha siku ya pili.* Hesabu kwanza nauli ya kufika Miritini, uitenge. Kisha siku iliyobaki iwe Mama Ngina, feri na Mji wa Kale kwa miguu, mahamri asubuhi na mihogo jioni. Inawezekana kabisa.

*Simu imeibwa.* Azima simu, piga kwa mtandao wako wafunge laini kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana nambari ya tikiti na ya gesti uziandike kwenye ile karatasi, na mia tano ikae mbali na simu.

*Treni imekuacha.* Usilale stesheni. Rudi Mwembe Tayari, mabasi ya Nairobi huondoka usiku kutoka hapo, na viti vya dakika za mwisho hupatikana siku zisizo za sikukuu. Lipia ndani ya ofisi ya kampuni, si kwa anayekushika mkono barabarani, na ukae na risiti hadi ushuke.